Neno "Kwetu" katika Kitabu cha Mgiriki

Mwanafunzi asomaye Nyaraka za Mtume Paulo hukutana na watu waitwao Wayunani. Akifunga kitabu na kutoka nje, kama shule yake iko Voi, Mwatate au Taveta, huenda akamsikia mzee akieleza habari za Wagiriki wa mkonge. Aghalabu hajui kwamba hao wawili ni watu wa taifa moja. Lugha yetu iliwapokea mara mbili, kwa milango miwili. Jina la Wayunani lilitujia kwa njia ya Waarabu, pamoja na vitabu. Jina la Wagiriki lilitujia kwa njia ya Ulaya, pamoja na reli, mashamba na mishahara. Basi tumekuwa na Myunani wa kusomwa na Mgiriki wa kufanyiwa kazi, na mara chache sana tumewaweka wote wawili juu ya meza moja tuwatazame.

Ndivyo nitakavyojaribu kufanya katika insha hii. Kitabu nitakachokihakiki ni cha Myunani wa kale, nacho ndicho maandishi ya kwanza marefu tuliyo nayo juu ya pwani yetu. Lakini nitakisoma kama mtu aketiye Voi, ambaye akitazama upande wa Mwatate huona safu za mkonge zilizonyooka kama mistari ya daftari, na ambaye hawezi kujifanya kwamba habari za Wagiriki ugenini ni habari za mbali.

Yafaa kwanza kueleza walikujaje. Mkonge wenyewe ni mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na kwa hiyo 62 kilimo cha mkonge kikaanza katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Karibu na wakati huo Wagiriki nao walikuwa wakiingia. Wengi walikuja kama wakandarasi wadogo wa reli, watu wa kuchimba udongo na kutandika mataruma katika njia ya Usambara na baadaye katika Reli ya Kati. Reli zilipokwisha, baadhi yao hawakurudi kwao. Vita Kuu ya Kwanza ilipomalizika, Waingereza waliyauza mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui, na Wagiriki walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Hivyo wakawa wenye mkonge katika Tanga, Korogwe na Morogoro, na wenye kahawa pande za Arusha na Moshi. Upande wetu wa mpaka, reli iliyojengwa kwa ajili ya vita hiyohiyo kutoka Voi mpaka Taveta, katika mwaka 1915 na 1916, iliunganishwa na njia ya Moshi. Palipokuwa pori pakawa njia, na njia haichagui nani apite.

Hao si Wagiriki pekee waliohama. Tangu kale watu wa nchi hiyo ndogo, yenye mawe mengi na mashamba machache, wamekuwa wakienda kukaa Misri, katika bandari za Bahari Nyeusi, na katika karne ya 20 hata Melbourne na Chicago. Kwa Kigiriki jumuiya ya namna hiyo huitwa paroikia. Neno hilo nitalirudia, kwa maana lina jambo la kutufunza juu ya Taita kuliko wengi wadhanivyo.

Kijana mmoja darasani aliniuliza siku moja kwa nini ajisumbue na kitabu cha mtu aliyekufa karibu miaka 2,000 iliyopita, ambaye hata milima yetu hakuiona. Swali lilikuwa la haki. Nilimjibu ovyo siku ile, nikasema kitabu ni cha maana kwa sababu ni cha kale. Hilo si jibu. Sufuria iliyotoboka nayo yaweza kuwa ya kale. Insha hii ni deni langu kwake.

Kitabu chenyewe huitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea; periplus maana yake ni safari ya chomboni ya kufuata ufuko. Kiliandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo, na mwandishi hakutia jina lake. Ni kifupi mno. Mtu aweza kukisoma chote kwa jioni moja. Kinaanza katika bandari za Misri, kinashuka Bahari ya Shamu, kisha kinagawanyika: sehemu moja yafuata pwani ya Afrika mpaka mji wa Rhapta katika nchi aiitayo Azania, na sehemu nyingine, iliyo ndefu zaidi, yafuata Arabuni mpaka Bara Hindi. Kila bandari hupewa maneno machache: umbali wake, hatari zake, nani anatawala, nini huingizwa, nini hutolewa.

Sifa ya kwanza ya kitabu hiki ni kujinyima. Waandishi wengine wa kale walipofika mwisho wa maarifa yao walijaza nafasi kwa watu wenye vichwa vya mbwa na wanyama wasiokuwapo. Mwandishi wetu hafanyi hivyo. Akifika Rhapta husema kwamba mbele ya hapo bahari haijachunguzwa, naye hukomea hapo. Akisimulia kisiwa cha Menouthias, ambacho wengine hukidhani kuwa Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia, hutaja mitumbwi ya gogo moja, vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba, mitego ya kukamatia kasa, na mamba ambao kwa maneno yake hawamdhuru mtu. Hapo labda alidanganywa na mtu aliyempasha habari, au labda walikuwa kenge wakubwa. Lakini hakutia chumvi. Afadhali mwandishi anayekosea juu ya mamba kuliko yule anayeyabuni.

Sasa tutazame anavyoitazama pwani yetu. Huorodhesha bidhaa kwa ustadi wa mwenye duka. Zilizoingia ni mikuki iliyofuliwa makusudi katika Muza, bandari ya Yemeni, tena mashoka madogo, majambia, nyuma za kutobolea, na vyombo vya kioo. Zilizotoka ni pembe za ndovu, pembe za vifaru, na magamba ya kasa. Kisha anaongeza jambo ambalo msomaji mwepesi hulipita: mahali pengine walipeleka divai na ngano kidogo, wala si kwa kuuza, bali kwa kutafuta mapenzi ya wenyeji. Hapa ndipo mahali pa pekee katika sura za Azania ambapo mwandishi anakiri kwamba biashara haikutosha. Palihitajika zawadi. Na zawadi haitolewi kwa ufuko wala kwa bandari. Hutolewa kwa mtu.

Lakini mtu huyo yuko wapi? Hakuna hata mmoja aliyetajwa kwa jina. Kitabu ambacho kwingineko chawajua kwa majina wafalme wa Arabuni, na mfalme wa Aksum pamoja na tabia yake, kikifika Azania huona miili mikubwa tu, na kila mji na mkuu wake. Tena pembe zile hazikuota ufukweni. Zilitoka bara, katika nchi za ndovu kama hii yetu ya Tsavo, mabegani mwa watu waliokuwa na njia zao, lugha zao na hesabu zao. Kitabu hakiwajui. Sisemi kwamba mwandishi alikuwa na chuki. Chuki huangalia, yeye hakuangalia.

Na hata hayo machache aliyoyasema juu ya watu wetu yametufikia yakiwa yamejeruhiwa. Andiko kongwe lililobaki, lililonakiliwa katika karne ya 10 na kuhifadhiwa Heidelberg, lina makosa ya wanakili hapa na pale, na kosa moja liko katika sentensi hiyohiyo ya watu wenye miili mikubwa. Neno moja halisomeki sawasawa. W. H. Schoff, aliyekifasiri kitabu kwa Kiingereza mwaka 1912, alilifahamu kuwa watu hao walikuwa na tabia za uharamia wa baharini. Lionel Casson, aliyekifasiri mwaka 1989, alilifahamu kuwa walikuwa wakulima. Maharamia au wakulima! Herufi chache zilizochoka juu ya ngozi zimeamua kama babu zetu waliishi kwa jembe au kwa kuvizia vyombo vya watu. Nami nawasihi wanafunzi walikumbuke neno hilo kila watakaposoma tafsiri ya kitabu chochote cha kale. Katika mambo haya mimi niko upande wa wakulima. Walakini nakubali kwamba napenda kuwa huko, na kupenda si ushahidi.

Mstari ulio mzito kuliko yote katika kitabu, kwa maoni yangu, ni ule ueleweshao jinsi biashara ya Rhapta ilivyoendeshwa. Anasema kwamba watu wa Muza walikuwa na haki ya kutoza ushuru huko, nao walipeleka vyombo ambavyo manahodha na mawakala wake wengi walikuwa Waarabu waliowazoea wenyeji, waliooa kwao, na wakaijua nchi na lugha yake. Msomaji wa Kiswahili hawezi kupita hapa bila kusimama. Mambo yote ambayo baadaye yangejenga miji ya pwani yamo katika maneno hayo machache: kuzoeana, kuoana, kujua lugha. Kiswahili hakitajwi, na pengine hakikuwa kimezaliwa. Lakini chungu kilikwisha injikwa.

Tena angalia jambo moja. Mgiriki wetu anaona kwamba siri ya mafanikio ni kuoa na kujua lugha, naye anaiandika siri hiyo kama habari za watu wengine. Hasemi kwamba Wagiriki wafanye hivyo. Hasemi pia kwamba wasifanye. Yeye yuko juu ya sitaha, ana kalamu, anahesabu magamba ya kasa. Je, alikuwa mtu asiye na makao? Hasha. Katika sehemu ya Arabuni, akieleza mti utoao ubani, analinganisha utomvu wake na ule wa miti iliyoko kwao, na huko kwao si Athene wala kisiwa chochote cha Ugiriki. Ni Misri.

Mstari huo mmoja ndio cheti pekee cha mwandishi tulicho nacho. Alikuwa Mgiriki wa Misri. Lugha yake ilitoka ng'ambo ya bahari, pamoja na jeshi la Aleksanda lililoingia Misri mwaka 332 kabla ya Kristo; baba zake huenda walikaa kando ya Mto Nili kwa vizazi kumi; naye alipotaka kufananisha mti wa ugenini na mti wa nyumbani, kalamu ilimwendea Misri yenyewe bila kusita. Hakuwa akitetea hoja. Hakuna aliyemuuliza wewe ni wa wapi. Ndiyo maana ushuhuda wake una nguvu: neno la "kwetu" hupatikana kwa uaminifu zaidi pale mtu anapozungumza juu ya mambo mengine.

Sasa nirudi Taita. Swali ninalolileta kutoka kitabuni ni hili: Wagiriki wa mkonge walipozungumza juu ya miti, walisema kwetu ni wapi? Na wenyeji waliokata mkonge huo, walipozungumza juu ya ardhi iliyo chini ya miguu yao, waliweza kusema kwetu?

Nimesema kwamba jumuiya ya Wagiriki ugenini huitwa paroikia. Neno hilo limejengwa kwa maneno mawili, kando na nyumba. Katika Kigiriki cha kale paroikos alikuwa mtu akaaye kando ya nyumba za watu, jirani asiye na fungu katika ardhi ya mji. Neno la unyenyekevu! Sasa tazama lilivyogeuka lilipovuka bahari. Nchi ya Taita Taveta ni kubwa, lakini Hifadhi ya Tsavo, iliyotangazwa mwaka 1948, huchukua zaidi ya nusu yake. Katika sehemu iliyobaki, milima imejaa watu, na tambarare nyingi zimekuwa mashamba makubwa ya mkonge na ya mifugo. Mgeni alikuwa na hati. Mwenyeji, au mtoto wa mwenyeji, alikaa pembezoni mwa shamba na kuitwa skwota. Aliyekuwa kando ya nyumba alikuwa ndiye mwana wa nyumba. Wazee husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika nchi ya mkonge mambo yalikwenda kinyume, kwa maana siku ya tatu mgeni ndiye aliyempa mwenyeji panga la kukatia.

Wala si haki kuwatwika Wagiriki peke yao mzigo huo. Mpango wa ardhi ulikuwa wa serikali ya kikoloni, na wenye mashamba walikuwa wa mataifa mengi. Kasri iliyo juu ya kilima karibu na Taveta ilijengwa katika miaka ya 1930 na Mwingereza, Ewart Grogan, yule aliyesifika kwa safari yake kutoka Rasi ya kusini mpaka Kairo. Baadaye tu shamba hilo likaingia mikononi mwa ukoo wa Criticos, ambao ni wa asili ya Kigiriki. Hapo lilitokea jambo ambalo lingemshangaza mwandishi wa Periplus. Katika miaka ya 1990 Basil Criticos, Mkenya wa ukoo huo, alichaguliwa kuwa mbunge wa Taveta. Mwenye mkonge alipigiwa kura na watu ambao baadhi yao walikaa pembezoni mwa mkonge.

Jambo hili limesomwa kwa namna mbili, na kila namna ni rahisi kupita kiasi. Wako wasemao kwamba kura ile ilithibitisha kuwa Mgiriki amekuwa mwenyeji, na mjadala umekwisha. Wako wasemao kwamba maskini humchagua tajiri kwa sababu ya njaa, na kura haina maana. Namna ya kwanza yasahau kwamba kura si hati ya shamba: suala la maskwota wa Taveta liliendelea baada ya uchaguzi, na liliendelea hata baada ya mwaka 2002, jimbo lilipomchagua Naomi Shaban. Namna ya pili yawadharau wapiga kura, kama kitabu chetu kilivyowadharau Waazania kwa kutowaona. Mtu aweza kumkubali jirani na bado akamdai mpaka. Nani asiyejua hivyo katika kijiji chake mwenyewe?

Lugha yenyewe yatusaidia hapa. Katika Kigiriki neno xenos lina maana mbili ambazo lugha nyingine za Ulaya huzitenga: mtu wa kabila jingine, na mtu aliyekaribishwa nyumbani. Kiswahili nacho chafanya hivyohivyo. Mgeni ni yule usiyemjua, na mgeni ni yule unayemwekea chakula. Basi Mgiriki alipoitwa mgeni katika Taita aliitwa kwa neno ambalo angeweza kulifasiri kwa lugha yake bila kupoteza hata chembe. Sijui mataifa mengine mawili yaliyokutana katika mashamba yetu yaliyokuwa na bahati ya namna hiyo. Inasikitisha kwamba bahati hiyo haikutumiwa sana. Wenye mashamba wengi walijifunza Kiswahili, lakini kwa sehemu kubwa kilikuwa Kiswahili cha kuamuru: kata, funga, beba, kesho saa kumi na moja.

Ushahidi wa jambo hilo umo katika neno jingine. Watu waliopelekwa kutoka mbali kufanya kazi ya mkonge Tanganyika waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba. Jina hilo lilishika mpaka likawa la kudharauliana mitaani. Ukilitia neno hilo mkononi, kisha ukarudi katika sura za Azania, utaona kwamba kitabu na shamba vina kosa moja la ufundi. Vyote viwili vina hesabu nzuri na havina majina. Mwandishi anajua pembe zipi zina thamani kuliko nyingine, hajui nani alizibeba. Karani wa shamba alijua mafungu mangapi yamekatwa na korona imesaga katani kiasi gani, na katika safu ya kwanza ya daftari aliandika tarakimu. Uhakiki wa vitabu haupaswi kuogopa kutoka nje ya kitabu ukiona kosa lilelile limesimama shambani.

Miaka ya neema ya mkonge haikudumu. Baada ya mwaka 1964 bei ilianguka, maana nyuzi zilizotengenezwa viwandani zilianza kuchukua nafasi ya katani. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, mashamba mengi ya mkonge ya Tanzania yakataifishwa. Wagiriki wengi wakaondoka. Watoto waliozaliwa Korogwe na Arusha walijikuta Athene, mji ambao waliuita nyumbani kwa mdomo, ilhali miti waliyoijua ilikuwa miembe na mikonge. Kama mmoja wao aliandika barua na kufananisha mti wa Athene na mti wa kwao, sidhani kwamba kwao ilikuwa Ugiriki.

Kwa mambo ya namna hii Wagiriki wa kale waliwahi kutunga tamthilia. Samuel Mushi aliifasiri mojawapo kwa Kiswahili mwaka 1971, ile ya Sofokile iitwayo Mfalme Edipode. Kiini chake, ukiondoa mambo ya kutisha ambayo wanafunzi huyakumbuka kwanza, ni mtu aliyeingia mjini kama mgeni, akapewa heshima ya mgeni, kisha ikagunduliwa kwamba alizaliwa pale pale. Watazamaji wa Athene walilia kwa sababu kujua wewe ni wa wapi kwaweza kuwa msiba. Tamthilia hiyo ikisomwa Voi yapasa kusomwa pamoja na swali la ardhi, wala si kama hadithi ya laana ya mbali.

Nisiache kusema kwamba kuna mahali ambapo Mgiriki alitoka kandoni akaingia ndani. Mjini Dar es Salaam, Mnazi Mmoja, liko jengo lililotolewa katika miaka ya 1950 kwa fedha za mwenye mkonge George Arnautoglu, liwe mahali pa masomo na mikutano ya watu wote. Watu wa mji hawalitamki jina hilo kwa herufi zake. Wao husema Anatoglo. Dereva na abiria husema Anatoglo bila kufikiri juu ya Ugiriki hata kidogo. Jina la mtu limepoteza konsonanti yake moja na limepata makao. Hapa Kenya, mfano wake ni dini. Askofu Mkuu Makarios wa Kupro, aliyefungiwa na Waingereza katika Shelisheli mwaka 1956, alikuja Kenya mwaka 1971 akiwa Rais wa nchi yake, na seminari ya Kiorthodoksi iliyoko Riruta, Nairobi, ina jina lake mpaka leo. Waorthodoksi wa Kenya wa leo kwa wingi wao ni Waafrika, nao husali kwa lugha zao. Wagiriki wamekuwa wachache katika kanisa ambalo watu huliita la Kigiriki.

Nimalize kwa majina ya miji, maana katika majina mwandishi wa Periplus anaonekana wazi kuliko mahali pengine. Anasema Rhapta liliitwa hivyo kwa ajili ya vyombo vya kushonwa, na kweli katika Kigiriki neno hilo latokana na kushona. Ni jina zuri. Lina mkono wa fundi na sindano yake. Lakini ni jina la mtu atazamaye kutoka chomboni: ameona jahazi, akauita mji kwa jahazi. Wenye mji waliuitaje? Hakuandika. Mahali penyewe wataalamu wanapabishania mpaka sasa, na sababu moja ni hiyo.

Mwaka 1958 Kanisa la Kiorthodoksi la Aleksandria liliweka jimbo la Afrika ya Mashariki, likataka jina la Kigiriki kwa makao yake. Wakachagua Irinoupolis, mji wa amani. Hilo si jina la jahazi. Waliuliza jina la Dar es Salaam lina maana gani, wakaifasiri maana hiyo kwa lugha yao. Katika karne 19 Mgiriki alikuwa amejifunza kuuliza. Hata hivyo chini ya Dar es Salaam kuna jina la Mzizima, jina la wenyeji wa kwanza, nalo hakuna aliyelifasiri.

Na Voi? Husemwa kwamba mji huu ulipata jina lake kwa Kivoi, Mkamba mfanya biashara ya pembe, yule aliyempokea Krapf katika Ukambani mwaka 1849, ambaye akisafiri kwenda na kurudi pwani alipiga kambi karibu na mto huu. Naye hakuwa Mtaita.